Emi, Kuhusu Lile Dirisha la Darasa la Tatu

Mwanangu Emiliana,

Barua hutakiwa kuanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako naijua. Umekula sahani mbili za makande, umelalamika kwamba maharage hayajaiva, kisha umevaa sweta la kaka yako ukavuka korongo kwenda kumuaga bibi. Mimi nimebaki hapa barazani na vitunguu saumu vyangu, na badala ya kuvisuka nimechukua kalamu. Ukirudi utanikuta nasuka, nami sitasema kitu. Barua hii utaikuta kwenye begi kesho, ukiwa ndani ya basi la Katesh, mahali ambapo huwezi kushuka kuja kubishana nami.

Habari za kuchemsha maji na kufunga mlango sikuandikii. Umeshakuwa mtu mzima. Blanketi zito nimeliweka chini kabisa, usilitoe. Basi, hilo tu.

Nakuandikia kwa sababu ya swali ulilouliza leo zizini. Ulikuwa umeshika kamba ya ndama, hata hukuniangalia, ukasema, "Mama, siku mkufunzi wa chuo atakapokuja kunikagua nikifundisha kule Gendabi, na wewe utakuja?" Nikasema nina kuku wa kufungia. Kuku walikuwa wameshafungiwa, Emi. Jibu ndilo sikuwa nalo. Nimeona nikiandika huenda nikalipata, maana nikianza kusema nasema mengi, na yakishakuwa mengi sijui tena nilichotaka kusema ni kipi.

Kwanza nikushukuru kwa likizo hii. Mimi niliishia darasa la saba, na nilikuwa kiranja tangu darasa la nne, hilo unalijua na Tlawi nzima inalijua. Lakini sijawahi kusoma kwa raha kama siku hizi ulizokuwa ukinisomea masomo yako ya saikolojia huku tunamenya vitunguu. Majirani walidhani unanisomea habari za kwenye simu. Nikawaambia, huyu ananifundisha nadharia za ujifunzaji, nyie endeleeni na umbea wenu.

Ulipoanza na yule mtaalamu wa mbwa na kengele, nilicheka. Mbwa anapigiwa kengele, analetewa nyama, mwisho kengele peke yake inamtoa mate. Nikakuuliza, na hilo nalo mpaka mtu aende chuo? Ukasema, "Jaribu mwenyewe, mama." Nikajaribu kwa kuku. Kila nilipotaka kuwamwagia mahindi, nilianza kwa kugonga debe. Basi siku fundi alipokuja kupigilia bati la jiko, kuku wote wakamkusanyikia chini ya ngazi, hata jogoo wa jirani ambaye si mwanafunzi wangu. Fundi akasimamisha nyundo. "Mama Emi, kuku wako wana nini na mimi?" Nikamwambia, hiyo ni saikolojia, wewe endelea kugonga.

Ila baadaye nilikumbuka kiganja changu, na hapo sikucheka tena. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anauliza huku fimbo imeshanyanyuliwa. Ukijibu vizuri inashuka taratibu, ukikosea inashuka na wewe unaijua. Mpaka leo mtu akitaja saba mara nane mbele yangu, kiganja kinawasha. Hamsini na sita naijua vizuri sana, lakini kiganja kinaitangulia. Nikakuuliza, je, yule mwalimu alinifundisha hesabu au alikifundisha kiganja? Ukafikiri, ukasema, "Vyote viwili, mama, na hiyo ndiyo shida yake." Jibu hilo nimelitembeza kwa watu wengi, na sikuficha kwamba ni la mwanangu.

Halafu zikaja pipi. Hizo ni kosa langu mwenyewe, kabla hujaja likizo. Uliniandikia kwenye simu kwamba mtoto akipewa zawadi kwa tendo jema, atalirudia. Nikasema kumbe ni rahisi hivyo! Jumapili nikaenda na mfuko wa pipi kwa watoto wangu wa mafundisho kigangoni. Jumapili ya kwanza, mikono juu kama msitu. Nikarudi nyumbani najisifu mpaka baba yako akaongeza sauti ya redio. Baada ya hapo nikaanza kusikia, "Mwalimu, pipi kwanza." Nikauliza nani anataka kutuongoza sala, mikono ikapanda yote. Nikasema leo pipi zimeisha. Mikono ikashuka kana kwamba imekatwa. Mtoto mmoja akabaki ameinua wake peke yake, nikafurahi, nikamwambia haya baba, tuongoze. Akasema, "Mimi nadai ya wiki iliyopita."

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukamwaga ungo. Kisha ukaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kabla ya pipi, watoto wale walikuwa wanapenda nini? Ikanibidi nifikirie. Walikuwa wanapenda kuigiza. Nikisimulia habari ya Bwana kuingia Yerusalemu, kila mmoja alitaka kuwa punda. Waligombania upunda, Emi, bila pipi hata moja. Nami niliona wanavyogombana nikadhani ni utundu, nikaukataza. Nilikuwa na moto jikoni, nikaumwagia maji, kisha nikaenda kwa jirani kuomba kiberiti.

Na lile swali langu la wapiga kelele, unalikumbuka? Nilipokuwa kiranja, kazi yangu ilikuwa kuandika ubaoni majina ya wanaopiga kelele mwalimu asipokuwepo. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Tluway, mtoto wa watu wa bondeni. Jina lake nililiandika kila siku. Akichapwa, kesho yake anaanza tena. Miaka yote nilimwona ni kichwa maji. Nikakuuliza nadharia zako zinasemaje, maana kama adhabu inafundisha, huyu alikuwa ameshahitimu. Ukaniuliza kama kulikuwa na mahali pengine pale shuleni ambapo jina lake liliandikwa. Nikatafuta kichwani. Kwenye orodha ya waliofaulu, hapana. Kwaya, hapana. Mpira, hapana. Ubaoni tu, kwa mkono wangu, na nilikuwa na mwandiko mzuri.

Swali hilo sikulitembeza kwa mtu, nawe ukashangaa, ukaniuliza kama naumwa.

Sasa nije kwenye dirisha.

Ulipopangiwa mazoezi yako ya kwanza ya kufundisha, hiyo BTP yenu, hapa hapa Tlawi, mimi ndiye niliyeruka juu kuliko wewe. Mwanangu mwalimu, na anafundisha mahali ninapoweza kumsikia! Nilipita makusudi na mzigo wangu wa majani ya ng'ombe, ingawa njia ya shambani haipiti pale. Nikakuta darasa la tatu linavuma. Watoto zaidi ya themanini, wanne wanne kwenye dawati la wawili, na wewe mbele umeshika chaki, unasema "naomba tusikilizane" kwa sauti ambayo hata wa mbele hakuisikia. Damu ikanichemka. Nikasogea dirishani na majani yangu kichwani.

"Nyie! Wewe wa mwisho kule, si mtoto wa Mama Sabina? Namjua mama yako! Na wewe unayecheka, nawajua na mbuzi zenu zinazokula mahindi yangu!"

Kimya. Ungesikia chaki ikianguka. Nikaondoka shingo imenyooka, mpaka mashine ya kusaga, na kila aliyekuja na debe lake nilimwambia nilivyomsaidia mwalimu. Sikukuangalia uso. Niliangalia watoto tu, na watoto walikuwa wametulia.

Kumbe kesho yake walipoanza tena, uliwaomba wanyamaze, na yule mtoto wa Mama Sabina akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwalimu, tumwite mama yako?" Hukuniambia mpaka wiki hii. Darasa lilicheka, ukacheka nao, ukarudi nyumbani ukasema kichwa kinauma. Nami nikaendelea kupita kila siku kipindi kile, nikijua ninakujengea heshima. Wakaanza kukuita Mwalimu wa Mama Emi. Hilo nalo nililisikia, nikalipenda!

Siku ya mkufunzi nilivaa kitenge kipya. Nikasimama kando ya dirisha, sikusema neno, nilikohoa tu kidogo ili wajue. Darasa likakaa kama watu wanaopigwa picha. Mkufunzi akauliza swali dogo la somo lako, maji yanatumika kufanya nini. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Wote wakageuka kuangalia dirishani, kwangu, kama vile jibu ningelitoa mimi. Nikatabasamu. Nilidhani wananionesha heshima.

Wiki hii ndipo umeniambia aliyokwambia yule mkufunzi pembeni: "Darasa limetulia, mwalimu, lakini limetulia kwa ajili ya nani?" Na kwamba alama zilikuwa chini, na safari hii zikiwa chini tena utarudia mwaka. Na kwamba hukupangiwa Gendabi kwa bahati mbaya kama nilivyowatangazia watu. Uliomba mwenyewe kwenda wilaya nyingine.

Sikukasirika. Nilitaka kukasirika, nikaanza hata kutafuta maneno, lakini udadisi ukanizidi. Nimekaa siku hizi zote najiuliza: zile siku za kimya, wale watoto walikuwa wanajifunza nini? Maana umenifundisha kwamba mtoto hakosi kujifunza, anajifunza tu kitu tofauti na kile ulichoandika kwenye andalio la somo. Basi nimepata. Walijifunza dirisha. Walilijua vizuri kuliko ubao. Walijua saa ninayopita, walijua nikishapita nina muda gani kabla sijarudi. Hao ni watoto wenye akili sana.

Na wewe je? Ulipokuwa mdogo ulipanga magunzi ya mahindi ukutani, ukayafundisha. Niliwaita watu waje waone mwalimu. Leo nimekumbuka maneno uliyokuwa ukiyaambia magunzi yale. "Nyamaza! Namjua mama yako!" Mtoto anajifunza kwa kuangalia, hiyo nayo ni nadharia yenu, ina jina refu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nafurahi, sikutambua sauti ile ni ya nani.

Wajua tunavyofundisha maksai wa kulimia hapa kwetu. Aliye mchanga unamfunga nira moja na mzoefu, naye anajifunza mstari kwa kuvutwa. Ulipokuwa unanieleza ile habari ya mtoto kushikwa mkono na aliyemtangulia kidogo, mpaka aweze peke yake, nilikurukia: hiyo tunayo! Nikajiona profesa. Lakini sikukumalizia hadithi. Yule maksai wetu mwekundu, baba yako alimfunga na mkubwa mwenye nguvu kuliko wote, akamwacha naye misimu miwili, maana kazi ilikuwa inakwenda na mistari ilinyooka. Mkubwa alipouzwa, mwekundu tukampa mwenzake wa rika lake. Akasimama. Hakuwa mkaidi, alikuwa anasubiri kuvutwa. Kumbe misimu yote ile alikuwa anatembea tu na mti shingoni. Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa dhati, maana kwenye masomo yako sikusikia: aliyeshika mkono anajuaje siku ya kuachia? Mstari ukiwa umenyooka, kwa jicho huwezi kujua nani anavuta. Mkiwa na jibu chuoni, nalitaka. Kama hamna, hilo ndilo mngeanza nalo.

Sasa Gendabi. Nilifika mara moja, harusi ya binti wa binamu yangu Yustina. Wakulima na wafugaji wamepakana uzio kwa uzio. Darasani kwako atakuja mtoto aliyeamkia jembe na mtoto aliyeamkia ndama. Wengine Kiswahili watakisikia kwako tu, nyumbani hawana habari nacho. Nilikuwa najiandaa kukupa mbinu. Nikakaa na kalamu muda mrefu, na nimegundua jambo ambalo halijawahi kunitokea: sina. Mbinu yangu ni moja tu, namjua mama yako. Darasa ambalo simjui mama wa mtoto hata mmoja, mimi sijawahi kusimama mbele yake maishani. Kigangoni nawajua, kijijini nawajua. Hiyo Gendabi unayokwenda wewe, mimi kiranja wa miaka minne nisingejua nianze na neno gani baada ya "shikamoo mwalimu" yao.

Utaanza na nini? Nauliza kweli. Utajuaje kwamba anayenyamaza amechoka na ng'ombe, au hajaelewa neno, au kwao mtoto hamkatizi mkubwa maneno? Mimi ningewaweka wote fungu moja, watukutu na wasio watukutu. Wewe umesoma, lakini nimekuona hata kabla ya chuo. Siku ile ya harusi ulikuwa na miaka kumi hivi. Ulikaa nyuma ya nyumba na kitoto cha jirani cha wafugaji kisichojua Kiswahili wala Kiiraqw chetu. Nilikuja kukuita ule pilau, nikakuta mnacheza kokoto. Kilikuwa kinakufundisha namna yao ya kuzirusha. Ulikosea, kikakurudisha mkono, ukakosea tena, kikakurudisha tena. Wewe mwanangu mbishi, ulikubali kufundishwa! Kisha ukachukua kokoto, ukakionesha namna yetu, na chenyewe kikakosea, mkacheka wote wawili. Nilitaka kuwaita watu waje waone. Sijui kwa nini siku hiyo sikuita. Nilisimama tu pale na sahani.

Sasa jibu la swali lako.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshapanga. Yustina ameshanitengea kitanda. Kitenge kipo. Nilikuwa nije kama mtu anayemtembelea binamu yake tu, na siku ya mkufunzi kwa bahati niwe napita na mzigo wa majani. Hata majani ningeyapata wapi kule sikujua, lakini ningeyapata. Nilijiambia, alama zikishuka tena mwanangu anarudia mwaka, na mimi nipo hai nina miguu! Nilikuwa naogopa, Emi. Nimejisifu kwako kwa watu wengi mno. Lakini kuna hofu nyingine nimeiona leo, ninapoandika, ni kubwa kuliko hiyo. Kwamba nije, darasa litulie, upate alama za juu, na wewe usijue ni nani aliyelituliza.

Sitakuja. Nimempigia Yustina sasa hivi, kabla sijabadili mawazo, nimemwambia akitandue kile kitanda. Akasema, "Wewe? Huji? Unaumwa?" Nimemwambia pia asipite shuleni kusema yeye ni nani wako. Akikuona njiani akusalimie kama mwalimu mwingine yeyote, na akupe maziwa ukipenda.

Huenda watapiga kelele. Huenda siku ile ile ya mkufunzi wakapiga kelele, mtoto mmoja akalia, mwingine akatoka nje kuangalia ndama, nawe ukasahau zana zako ofisini. Nitakuwa huku nasuka vitunguu, nitaumia vidole, sitakuja. Ukirudia mwaka, utarudia, na makande yatakuwepo. Ila sidhani.

Jioni ya siku hiyo nitakupigia simu. Sitakuuliza kama walitulia. Nataka uniambie wale watoto walikuuliza nini.

Nasikia mbwa wa ng'ambo anabweka, unarudi. Naiweka barua.

Mama yako,
ambaye hapa Tlawi ataendelea kukutangaza kila mashine ya kusaga ikiwashwa. Hilo sijakuahidi kuliacha.